Ukiambiwa "Pumzika" na Mimba Ina Shida, Umeambiwa Ufanye Nini Hasa?

Kadi ya kliniki ya mdogo wangu ilirudi nyumbani ikiwa na neno moja lililoongezwa kwa wino mwekundu: APUMZIKE. Ujauzito ulikuwa na wiki 26. Alikuwa ametokwa damu usiku bila maumivu yoyote, na utrasaundi ikaonyesha kondo la nyuma limekaa chini, limefunika mlango wa kizazi. Kwao ni Mabatini, Mwanza, ile sehemu ya mlimani ambayo bodaboda anakushusha barabarani na wewe unamalizia kwa miguu, jiwe kwa jiwe. Niliwahi kuzihesabu ngazi zikafika 74, na hapo sikuhesabu mawe mawili ya kuparamia.

Jioni ile kikakaa kikao. Mama mkwe wake alikuwa amefika kutoka Magu na kifuko cha michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa), na ndiye aliyelifasiri lile neno. "Kupumzika ni kulala, mwanangu. Usinyanyuke." Beseni likawekwa chini ya kitanda. Miguu ya kitanda upande wa chini ikainuliwa kwa matofali mawili ili mtoto "arudi juu". Chakula kililetwa palepale, na kuoga kukawa kwa kitambaa. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Siku ya 12 kigimbi cha mguu wa kushoto kikavimba, kikawa cha moto, ukikigusa analia. Damu ilikuwa imeganda kwenye mshipa.

Daktari aliyempokea aliuliza nani alimwambia alale siku 12 mfululizo. Tukamwonyesha kadi.

"Hapa pameandikwa apumzike," akasema. "Hapajaandikwa afungwe."

Tangu siku hiyo nimelichunguza sana hilo neno, maana huku kwetu linaandikwa kila siku na karibu kila familia inalielewa kivyake.

Neno moja, maagizo manne

Mhudumu anapomwambia mjamzito apumzike, anaweza kuwa anamaanisha kitu kimoja kati ya vinne, na vinne hivyo havifanani hata kidogo.

La kwanza ni apunguze kazi nzito: asibebe dumu la lita 20, asisimame jikoni kutwa nzima, asiendelee na kazi ya kuinua magunia ya dagaa pale soko la samaki la Mwaloni. Anaamka, anavaa, anatembea, anakaa na wenzake. La pili ni asikutane kimwili na mumewe. Hili ndilo linaloandikwa kwa aibu zaidi. Mara nyingi nesi akimwona mama mkwe amesimama pembeni hulimeza na kusema tu "apumzike, mama". Matokeo yake mwanamke analala kitandani mwezi mzima na lile alilokatazwa hasa halijui. La tatu ni akae karibu na hospitali, au alazwe kabisa, apimwe mara kwa mara na awepo pale mambo yakibadilika. Kitanda cha wodini si dawa. Dawa ni chumba cha upasuaji kilichopo hatua chache kutoka pale.

La nne ndilo ambalo familia nyingi hulichukua kuwa ndilo lenyewe: kulala chali au ubavu usiku na mchana, kujisaidia kwenye beseni, kutoinuka. Hilo siku hizi karibu halina anayelitetea miongoni mwa wataalamu wa uzazi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2011 kuhusu presha ya ujauzito, lilisema wazi kwamba halipendekezi kulala kitandani moja kwa moja kama njia ya kuboresha matokeo kwa mjamzito mwenye presha. Wala halipendekezi kupumzika nyumbani kama njia ya kuzuia kifafa cha mimba. Chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani nacho hakiungi mkono mazoea ya kuwalaza wajawazito ili kuzuia uchungu wa mapema.

Kwa hiyo swali la kuuliza kabla hujatoka chumba cha daktari ni jepesi: nipumzike nini, kwa sababu gani, mpaka lini? Akijibu yote matatu, mwombe ayaandike.

Mimba si embe

Kwa nini basi wazo la kulala lina nguvu hivi, hata kwa madaktari wa zamani? Nadhani ni kwa sababu linaonekana lina akili. Kitu kizito kikining'inia kinaweza kuanguka, ukikilaza hakianguki. Tunaichukulia mimba kama embe lililo juu ya tawi. Huko Ulaya na Marekani karne ya 19 kulala kulikuwa tiba ya karibu kila kitu, kuanzia viungo hadi mishipa ya fahamu, na uzazi ukaingizwa humohumo.

Lakini mtoto hashikiliwi juu na mkao wa mama yake. Mlango wa kizazi ni kiungo chenye nyama ngumu kilichofungwa, na kufunguka kwake kunaendeshwa na homoni, maambukizi, uvimbe wa ndani na jinsi kilivyoumbika. Mvutano wa dunia una nafasi ndogo sana hapo. Na mimba zinazotoka katika miezi mitatu ya mwanzo, karibu nusu yake au zaidi zilikuwa na hitilafu ya kromosomu tangu mbegu ilipokutana na yai. Hakuna kitanda kinachorekebisha hilo. Nalirudia kwa sababu najua wanawake waliobeba lawama miaka mingi kwa kuwa "walipanda daladala" au "walifua" siku moja kabla. Hukuidondosha.

Kuna jambo lilionekana Marekani mwaka 2013 ambalo liliwashtua wengi. Watafiti waliwaangalia wajawazito ambao mlango wa kizazi ulikuwa mfupi, na wale walioambiwa wapunguze shughuli walijifungua kabla ya wakati mara nyingi zaidi kuliko wenzao walioachwa waendelee. Haikuthibitisha kwamba kulala kunaleta uchungu, maana pengine walioambiwa wapumzike ndio walioonekana na hatari zaidi. Ila haikuonyesha faida yoyote, na hapo ndipo mjadala ulipogeuka.

Bei ya kitanda

Dawa isiyosaidia ingekuwa haina neno kama haidhuru. Hii inadhuru.

Mimba yenyewe huifanya damu iwe rahisi kuganda, maumbile yakijiandaa kwa siku ya kujifungua mama asimalizike damu. Ongeza mfuko wa uzazi unaobana mishipa ya nyonga, kisha ongeza miguu isiyotembea, na umepata mazingira yote ya damu kuganda. Donge hilo likikatika likasafiri hadi kwenye mapafu, mtu anakufa. Dalili za kukimbilia hospitali ni mguu mmoja kuvimba kuliko mwenzake, maumivu ya kigimbi, au pumzi kukata ghafla na kifua kuchoma.

Kwa mdogo wangu shida ilikuwa na makali mawili. Sindano za kuzuia damu isigande ni hatari kwa mtu ambaye kondo lake linaweza kuvuja wakati wowote. Yaani tulimlaza asitokwe damu, tukamfikisha pale ambapo anatakiwa damu yake iwe nyepesi na nzito kwa wakati mmoja. Akalazwa wodini karibu wiki tatu, dozi zikipimwa kwa uangalifu.

Misuli na mifupa nayo hulipa. Mashirika ya anga za juu yanapotaka kujua mwili wa mwanaanga utaharibikaje huko kusiko na uzito, huwalaza watu wazima wenye afya kitandani kwa wiki nyingi, kichwa kikiwa chini kidogo kuliko miguu, na kupima jinsi mifupa na misuli inavyopungua. Ni mkao uleule wa matofali mawili ya Mabatini. Wale hulipwa kuwa hivyo, na wakimaliza hufundishwa upya kusimama. Sisi tunamlaza mama, halafu tunataka siku ya pili baada ya upasuaji abebe mtoto na kupanda ngazi 74.

Na moyo. Mtu aliyezoea kuamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kuchukua sato Kirumba, ukimlaza anatazama bati siku 40, atasononeka. Si uvivu wala deko. Usingizi unapotea, hamu ya kula inakwisha, anaanza kulia bila sababu. Hiyo ni dalili ya kumwambia nesi, kama vile ungemwambia kuhusu homa.

Inategemea shida ni ipi

Kwa kondo lililokaa chini, jambo la kuelewa ni kwamba sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi hurefuka kadiri mimba inavyokua, na kondo lililogandia pale huachia kidogo na kuvuja. Linaweza kuvuja mama akiwa amelala fofofo. Habari njema ni kwamba kondo nyingi zinazoonekana chini kwenye kipimo cha wiki ya 20 hupanda zenyewe baadaye, kwa hiyo rudia utrasaundi kabla hujaanza kuomboleza. Lisipopanda, yanayosaidia ni haya: msikutane kimwili, asiingizwe kidole wala dawa yoyote ya kienyeji ukeni, damu isipungue mwilini (vidonge vya damu vinywewe kila siku), ndugu wa kuchangia damu wajulikane mapema, na makazi yawe karibu na hospitali yenye upasuaji. Kama damu inatoka na mimba bado changa, kuna sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Upasuaji hupangwa kwenye wiki ya 36 au 37, kabla uchungu haujaanza wenyewe.

Presha ni mchezo mwingine. Ikifika 140 kwa 90 baada ya wiki ya 20 ni ya kufuatiliwa, na 160 kwa 110 ni dharura. Chanzo chake kiko kwenye kondo na mishipa yake, kilichojengeka miezi mingi nyuma. Kulala kunaweza kuishusha kidogo kwa saa hiyo lakini hakugusi chanzo. Dawa kama metildopa na nifedipini hushusha, magneziamu salfeti huzuia degedege, na kinachomaliza ugonjwa ni mtoto kuzaliwa. Aliyewahi kupata kifafa cha mimba huko nyuma anatakiwa kuanza aspirini ya dozi ndogo kabla ya wiki ya 20, kwa maelekezo ya daktari. Kwa mwenye presha neno "pumzika" lina hatari ya pekee: linamfanya akae nyumbani badala ya kwenda kupimwa. Kichwa kinachogonga bila kuacha, macho kuona nyotanyota, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, uso na mikono kuvimba ghafla. Hapo huendi kulala, unaenda hospitali.

Mlango wa kizazi ukiwa mfupi au dhaifu, kuna projesteroni ya kuweka ukeni na kuna kushonwa. Chupa ikipasuka mapema mama hulazwa, hupewa antibayotiki, na joto lake huangaliwa, kwa sababu adui pale ni maambukizi. Mapacha peke yake si ugonjwa. Kuwalaza mama zao kwa mazoea tu hakujaonyesha kuwachelewesha kuzaliwa.

Kuishi na agizo lenyewe

Sasa tuseme daktari amefafanua, na jibu ni kwamba upunguze sana: uwe ndani muda mwingi kwa wiki kumi zijazo. Utaishije?

Anza na maji na choo, kwa sababu Mwanza ya milimani inamalizwa na hivyo viwili. Kama choo kiko chini ya mawe na bomba liko chini zaidi, shughuli yako nzito kuliko zote haipo kwenye orodha ya daktari, maana yeye hajawahi kufika kwako. Mweleze. Mwambie kutoka kitandani hadi chooni ni ngazi ngapi. Sisi tuliamua kitu ambacho tungepaswa kuamua siku ya kwanza: alipotoka wodini hakurudi juu. Alihamia chumba cha shangazi yetu mtaa wa Pamba, chini ya kilima cha hospitali ya Bugando, choo ndani, barabara mlangoni.

Kitanda kiwe dirishani au karibu na mlango ambapo watu wanapita. Hili nalitilia mkazo kuliko vyote vya nyumbani. Aliyewekwa chumba cha ndani anageuka mgonjwa. Aliyewekwa sebuleni anachambua mchicha, anasahihisha daftari la mtoto, anabishana na wifi yake kuhusu chumvi kwenye sato. Mdogo wangu aliendesha biashara yake ya dagaa kwa simu kutokea kwenye kochi. Alipata hasara kidogo, akamgombeza kijana wa mzigo sana, na akapona akili.

Miguu ifanye kazi hata ukiwa umeketi: kunja na kunyoosha vifundo mara 20 kila saa ukiwa macho, inuka utembee ndani kama umeruhusiwa, kunywa maji ya kutosha. Usijinyime maji kwa kuogopa safari za chooni. Kulala sana hufunga choo, na vidonge vya damu huongeza. Mlenda, papai na ugali wa dona vitasaidia. Mimba ikishavuka wiki 28 lala kwa ubavu, maana ukilala chali mfuko wa uzazi hulalia mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, ukaona kizunguzungu na mtoto akapata damu kidogo. Wa kushoto unasifiwa, wa kulia nao si haramu. Ukijikuta umelala chali katikati ya usiku, geuka tu, usikeshe unajilaumu.

Muda ule wote wa ukimya una faida moja: unamjua mtoto wako anavyocheza. Akicheza kidogo kuliko kawaida yake, nenda siku hiyohiyo.

Wageni wapangiwe saa. Kuna yule atakayekuja na hadithi ya jirani aliyepoteza mapacha, na atakaa mpaka chai ya pili. Mume au mama mkwe awe bawabu. Mgonjwa mwenyewe hawezi kumfukuza shangazi yake. Na mume apewe maagizo naye, kwa mdomo wa daktari, likiwemo lile la pili ambalo halisemwi.

Pesa tuiseme. Aliyeajiriwa asikubali kuambiwa "omba likizo ya uzazi sasa hivi uimalize". Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa likizo ya ugonjwa hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, ukiwa na cheti cha daktari. Likizo ya uzazi ni kitu kingine: siku 84, au 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mama lishe na mchuuzi wa dagaa hawana hata moja ya hizo. Kwao kikoba ndicho sheria, na wanachama waambiwe mapema, kabla rejesho halijapita.

Walio visiwani

Kwa mtu wa Ukara au Ukerewe, au aliyeko kambi ya wavuvi, neno "pumzika" linaweza kuwa ushauri mbaya kabisa. Akipumzika kule na kondo likaachia usiku ambao ziwa limechafuka, hakuna anayemvusha. Kwake agizo sahihi ni kuhama: avuke mapema, akae kwa ndugu mjini au kwenye nyumba ya kusubiria kujifungua kama hospitali inayo, zile ambazo baadhi ya watu huziita chigonela. Wa Sengerema walau wamepunguziwa mzigo tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa Juni 2025. Zamani gari la wagonjwa lilikuwa linasubiri kivuko kama gari la nyanya.

Mdogo wangu alipasuliwa wiki ya 36. Mtoto wa kike, kilo 2.4, analia kama filimbi ya meli. Mama mkwe alikaa mpaka arobaini ikapita, akibeba yeye madumu pale Pamba ingawa maji yalikuwa yanatoka bombani, kwa mazoea nadhani. Siku ya kurudi Magu aliomba aione ile kadi. Chini ya neno la wino mwekundu daktari wa wodini alikuwa ameongeza mistari mitatu: asibebe kitu kizito, atembee ndani na uani kila siku, akitokwa damu, hata tone, aje saa hiyohiyo. Akaisoma polepole, kidole kikifuata maneno.

"Sasa si wangeandika hivi tangu mwanzo," akasema, akamrudishia kadi na kuuliza basi la Magu linaondoka saa ngapi.